Linki Inayokatika Njiani: Maswali ya Wasomaji kuhusu Alama Maalumu katika Anwani za Wavuti

Barua tulizozichagua safari hii zimetoka mikoa ya Lindi na Mtwara, na zote zinahusu alama ambazo zikiingia katika linki ya programu ya wavuti bila kutayarishwa huivunja, huibadilisha maana au huifanya ifike kwenye seva ikiwa pungufu. Tumezifupisha barua, ila maswali yamebaki kama yalivyoulizwa. Barua ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu imekusanya karibu matatizo yote yanayowasumbua wanaoanza kazi hii, na pia kwa sababu uamuzi ambao mwandishi wake anakaribia kuuchukua utawaumiza watu wasio na kosa lolote.

SWALI: Ndugu mshauri, salaam. Ninaandika kwa PHP na JavaScript programu ndogo ya chama chetu cha msingi cha ushirika hapa Lindi, ili wakulima waone kwenye simu zao mazao yaliyopokelewa ghalani na bei ya mnada uliopita. Mkulima akitafuta taarifa za Ng'apa, ukurasa unaleta kosa. Akichagua "Korosho & Ufuta" anaonyeshwa korosho peke yake. Namba za simu zinazoanza na +255 zinafika bila alama ya kujumlisha. Tena nikituma linki kwa WhatsApp, inakuwa ya kubofya hadi kwenye nafasi ya kwanza tu, na yaliyobaki yanakuwa maandishi ya kawaida. Ninafikiria kupiga marufuku alama zote kwenye fomu ili watu waandike herufi na tarakimu tu. Je, nitakuwa nimefanya sawa? (Msomaji, Lindi)

JIBU: Ndugu msomaji, tunakuomba sana usifanye hivyo. Mtu wa Ng'apa ana haki ya kuliandika jina la kwao kama linavyoandikwa, na kumlazimisha aandike Ngapa ni kumbadilishia matamshi ili programu iepukane na kazi ambayo ni ya mwandishi wa programu. Matatizo uliyoyataja ni manne na yanafanana kwa sura, lakini vyanzo vyake vinatofautiana, na kimojawapo hakimo katika linki kabisa.

Tuanze na kanuni yenyewe. Muundo wa anwani za wavuti umewekwa na waraka uitwao RFC 3986, uliotolewa Januari 2005 na Tim Berners-Lee, Roy Fielding na Larry Masinter. Waraka huo unazigawa alama katika makundi. Kundi la kwanza ni la zile zinazopita popote bila kuguswa: herufi kubwa na ndogo kuanzia A hadi Z, tarakimu 0 hadi 9, kistari, nukta, kistari cha chini na kiwimbi (~). Zote pamoja ni 66. Kundi la pili ni alama 18 zilizotengewa kazi maalumu, na hizi ndizo zinazoweka mipaka ndani ya anwani kama vile miti ya mipakani inavyotenga shamba na shamba: alama ya kuuliza huonyesha mahali vigezo vinapoanzia, alama ya & hutenganisha kigezo kimoja na kingine, alama ya = hutenganisha jina la kigezo na thamani yake, mkwaju hutenganisha ngazi za njia, na alama ya reli (#) hufunga sehemu inayopelekwa kwa seva. Ritifaa (') na alama ya kujumlisha (+) zimo pia katika kundi hili. Chochote kilicho nje ya makundi haya mawili, ikiwa ni pamoja na nafasi kati ya maneno, hakiruhusiwi kuonekana kikiwa wazi.

Alama inapotakiwa kupita kama sehemu ya maandishi ya mtumiaji, pasipo kufanya kazi yake ya mpaka, huandikwa kwa alama ya asilimia ikifuatiwa na tarakimu mbili za namba yake katika mfumo wa kumi na sita, ambao hutumia 0 hadi 9 na A hadi F. Nafasi ni namba 32, ambayo katika mfumo huo ni 20, kwa hiyo huwa %20. Alama ya & ni namba 38, kwa hiyo huwa %26. Ya kujumlisha huwa %2B, ritifaa huwa %27, mkwaju huwa %2F, reli huwa %23, na asilimia yenyewe huwa %25. Kazi hii tutaiita kusimba, na ile ya kuirejesha alama katika hali yake tutaiita kusimbua.

Sasa tuitazame "Korosho & Ufuta". Inaelekea programu yako inatengeneza linki kwa kuunganisha vipande vya maandishi, na matokeo yake ni haya:

tafuta?zao=Korosho & Ufuta&msimu=2024

Seva haina namna ya kujua kwamba & ya kwanza ni ya mkulima na ya pili ni yako. Inakata kote kuwili, inapata zao ambalo ni "Korosho", inapata kigezo cha ajabu kiitwacho Ufuta kisicho na thamani, kisha inapata msimu. Huenda ulijaribu kutibu kwa encodeURI ya JavaScript ukaona haisaidii, na hilo halishangazi, kwa sababu encodeURI imetengenezwa ili ipewe anwani nzima iliyokwisha kupangwa, na kwa makusudi huziacha alama za mipaka kama zilivyo. Kinachotakiwa ni kusimba kila thamani peke yake kabla haijaunganishwa, kwa encodeURIComponent, au bora zaidi kukiachia kazi yote kifaa cha URLSearchParams, ambacho hupewa majina na thamani zake na kurudisha mstari uliokamilika:

zao=Korosho+%26+Ufuta&msimu=2024

Kwa upande wa PHP kifaa kinachofanana nacho ni http_build_query. Tunapendelea vifaa hivi kwa sababu mtu anayeunganisha vipande kwa mkono ataisahau thamani moja siku moja, na itakuwa ile yenye alama.

Umeona kwamba katika mstari huo nafasi zimekuwa alama za kujumlisha, wala si %20. Hapa ndipo +255 yako inapopotea. Fomu za wavuti tangu zamani zina desturi yao ya kuandika nafasi kwa alama ya kujumlisha katika sehemu inayofuata alama ya kuuliza, na PHP huifuata desturi hiyo inaposoma. Namba ikiingizwa katika linki bila kusimbwa, seva huisoma + kama nafasi na kupokea nafasi ikifuatiwa na 255. Ikisimbwa kuwa %2B255 hufika salama. Kumbuka tu kwamba desturi hii haihusu njia iliyo kabla ya alama ya kuuliza, ambako + ni + tu, na kwamba decodeURIComponent ya JavaScript haiijui: ukiitumia kusoma mstari uliotengenezwa kwa desturi ya fomu, alama za kujumlisha zitabaki mahali pa nafasi. Mstari uliotengenezwa na URLSearchParams usomwe na URLSearchParams.

Kwa kuwa tumezigusa namba za simu, tunakushauri uziondoe kwenye linki moja kwa moja. Linki hubaki katika kumbukumbu za seva, katika historia ya kivinjari cha simu ambayo pengine inatumiwa na familia nzima, na katika mazungumzo ya WhatsApp yanayosambazwa kundi hadi kundi. Namba ya simu ya mkulima, na zaidi ya hapo namba yake ya NIDA, ipelekwe ndani ya mwili wa ombi kwa njia ya POST, ambayo haiiweki taarifa kwenye linki.

Tatizo la WhatsApp linakwisha lenyewe ukisimba vizuri, kwa kuwa programu za ujumbe huhesabu kuwa linki imefika mwisho pale zinapokutana na nafasi. Limebaki jambo dogo: encodeURIComponent huyaacha wazi mabano, ritifaa, nyota na alama ya mshangao, na linki inayoishia kwa mabano, kama ile ya "Ufuta (mweupe)", inaweza kukatwa mkiani na programu inayodhani kwamba mabano hayo ni ya sentensi. URLSearchParams husimba mabano na ritifaa pia.

Tumeliacha la Ng'apa hadi sasa kwa sababu ndilo lenye mambo mengi. Ritifaa inaweza kukusumbua katika sehemu tatu tofauti, na kila sehemu ina dawa yake.

Kosa unaloliona kwenye ukurasa lina kila dalili ya kutoka kwenye hifadhidata. Linki inaweza kuwa imefika salama kabisa, PHP ikaisimbua ipasavyo, kisha ukalichukua jina na kulibandika katikati ya agizo la SQL (lugha ya kuiulizia hifadhidata) kati ya ritifaa mbili: WHERE kijiji = 'Ng'apa'. Hifadhidata inaona maandishi yameishia kwenye Ng, halafu inakutana na apa ambayo haielewi. Kosa hili ni baya kuliko linavyoonekana, kwa sababu mlango unaoangushwa na jina la Ng'apa ndio huohuo ambao mtu mwenye nia mbaya huupitia ili kusoma au kufuta taarifa zako zote. Dawa yake haimo katika kusimba linki wala katika kufuta ritifaa. Tumia PDO, kiunganishi cha PHP na hifadhidata: tayarisha agizo kwanza likiwa na alama ya kuuliza mahali pa thamani, kisha peleka jina peke yake, nayo hifadhidata haitalichanganya na agizo tena.

Sehemu ya pili ni HTML. Kama linki imeandikwa ndani ya ukurasa kwa namna hii, href='tafuta?kijiji=Ng'apa', kivinjari kitaihesabu kuwa imeishia kwenye Ng. Tumia alama za nukuu mbili kuzunguka linki, na kila thamani unayoichapa kwenye ukurasa ipitishe kwenye htmlspecialchars ya PHP, inayozitayarisha alama zisichanganywe na HTML yenyewe. Kama seva yako ina PHP ya zamani kuliko 8.1, iongezee ENT_QUOTES, kwa sababu matoleo hayo hayakuishughulikia ritifaa bila kuagizwa. Kusimba kwa ajili ya linki na kutayarisha kwa ajili ya HTML ni kazi mbili zinazofuatana, na moja haichukui nafasi ya nyingine.

Sehemu ya tatu ndiyo inayowapotezea watu muda mwingi kwa kuwa haileti kosa lolote, inaleta tu orodha tupu. Baadhi ya simu, na programu za kuandikia nyaraka, huibadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda bila mwandishi kutambua. Kwa jicho ni kitu kimoja, ila kwa kompyuta ni alama mbili tofauti: iliyonyooka husimbwa kuwa %27, na iliyopinda husimbwa kuwa %E2%80%99. Karani akiingiza jina kwa kompyuta ya ofisini, na mkulima akalitafuta kwa simu inayopindisha, majina hayo hayatakutana hata kama linki imesimbwa bila dosari. Chagua umbo moja, nasi tunapendekeza lile lililonyooka, kisha badilisha maumbo mengine yote kuwa hilo, pamoja na ile alama ya mkwaruzo inayokaa juu ya kitufe cha Tab kwenye kibodi nyingi, wakati wa kuhifadhi na vilevile wakati wa kutafuta. Mtumiaji hana haja ya kujua kwamba jambo hili limefanyika.

SWALI: Programu yetu ya kusajili mizigo hapa Mtwara ina wateja wanaopeleka bidhaa ng'ambo ya mto Ruvuma. Katika orodha ya mahali mzigo unapokwenda, neno Moçambique linatokea MoÃ§ambique kila linapopitia kwenye linki, ilhali likiandikwa moja kwa moja kwenye ukurasa linaonekana vizuri. Tatizo liko wapi? (Msomaji, Mtwara Mjini)

JIBU: Ndugu msomaji, takataka hiyo yenye Ã ni ushahidi mzuri, maana inaonyesha upande upi umekosea. Herufi ç haimo katika zile za msingi za ASCII, kwa hiyo kabla ya kusimbwa ni lazima igeuzwe kuwa baiti, na ubadilishaji unaotumika siku hizi ni UTF-8, ambao Ken Thompson na Rob Pike waliubuni mwaka 1992. Katika UTF-8 herufi ç ni baiti mbili, nayo linki sahihi huwa Mo%C3%A7ambique. Kivinjari chako kimetuma hivyohivyo. Ila mpokeaji amezisoma baiti hizo mojamoja kwa mpangilio wa zamani wa Latin-1, ambamo C3 ni Ã na A7 ni §, akaona herufi mbili mahali pa moja. Kama kosa lingekuwa la mtumaji, ungeona Mo%E7ambique katika linki na alama ya herufi isiyotambulika kwenye ukurasa.

Hukututajia seva unayotumia. Kama ni Tomcat, angalia toleo, kwani hadi Tomcat 7 mpangilio wa kusomea linki ulikuwa Latin-1 usipoagiza vinginevyo, na kuanzia Tomcat 8 ukawa UTF-8. Kama si Tomcat, tafuta mahali ambapo programu yako, au muunganisho wake na hifadhidata, unataja ISO-8859-1 au latin1 (majina mengine ya Latin-1), kisha ubadilishe. Katika hifadhidata ya MySQL agiza utf8mb4, yaani UTF-8 kamili, kwa jedwali na kwa muunganisho pia, kwa sababu kulitengeneza jedwali peke yake hakutoshi.

Kuna umbo la pili la ç ambalo ni c ya kawaida ikifuatiwa na mkia unaojitegemea, nalo husimbwa kuwa c%CC%A7. Macho hayatofautishi, lakini utafutaji utatofautisha, kama tulivyoeleza kuhusu ritifaa. Katika JavaScript pitisha maandishi kwenye normalize("NFC"), inayoyaleta maumbo hayo mawili kuwa moja, kabla ya kuyatuma, na katika PHP tumia Normalizer ya kiendelezi cha intl. Jina kama Mocímboa da Praia lina herufi ya namna hiyo na nafasi mbili kwa pamoja, kwa hiyo linafaa kuwa jaribio lako: linki yake isomeke Moc%C3%ADmboa%20da%20Praia au iwe na alama za kujumlisha mahali pa %20 ikiwa ipo baada ya alama ya kuuliza, kisha jina lirudi kwenye ukurasa kama lilivyoondoka.

SWALI: Linki za programu yangu zimeanza kujaa %2520, na nikibofya mara nyingine zinakuwa %252520. Nimeandika kitanzi kinachosimbua hadi asilimia ziishe zote. Je, hiyo ni njia salama? (Msomaji, Masasi)

JIBU: Ndugu msomaji, si salama, na kitanzi hicho kiondolewe. Kinachotokea ni kwamba thamani yako inasimbwa mara mbili: nafasi inakuwa %20, kisha asilimia ya %20 nayo inasimbwa kuwa %25, ndipo unapata %2520. Mara nyingi mwandishi anasimba kwa mkono, halafu anaikabidhi thamani kwa kifaa ambacho nacho husimba. Wakati mwingine thamani ilihifadhiwa kwenye hifadhidata ikiwa imesimbwa tayari. Hifadhidata ihifadhi maneno kama mtu alivyoyaandika, na kusimba kufanyike mara moja tu, pale thamani inapoingia kwenye linki.

Kitanzi chako ni hatari kwa sababu asilimia ni alama halali ya watu. Mpokeaji mazao akiandika "unyevu 10%", linki sahihi ina 10%25, nayo ikisimbuliwa mara moja hurudi 10%. Kitanzi kikiona asilimia bado ipo kitajaribu tena, na decodeURIComponent ikikuta asilimia isiyofuatwa na tarakimu mbili za kumi na sita hutupa kosa la URIError na kuisimamisha kazi yote. Katika PHP vilevile usiite urldecode juu ya kilichotoka kwenye $_GET, kwa sababu PHP imekwisha kusimbua kabla hujakipokea.

Ipo hali moja ambapo %2520 ni sahihi kabisa, nayo ni linki iliyobebwa ndani ya linki nyingine. Ukurasa wa kuingilia unaokumbuka mtumiaji alitoka wapi unaweza kuwa na kigezo hiki: rudi=%2Ftafuta%3Fzao%3DUfuta%2520Mweupe. Linki ya ndani ilikuwa na %20 yake, na yote ilipofanywa thamani ya kigezo ikasimbwa tena. Ikisimbuliwa mara moja kwa kila ngazi, kila kitu hurudi mahali pake. Katika ukurasa wa namna hiyo hakikisha tu kwamba rudi inaelekea ndani ya tovuti yako, kwa sababu walaghai hupenda kuweka anwani yao hapo ili jina lako liaminiwe kwa niaba yao.

SWALI: Namba za stakabadhi zetu zina mkwaju, kwa mfano GH/17/204. Nimezisimba kuwa GH%2F17%2F204 katika njia ya linki. Kwenye kompyuta yangu zinafanya kazi, ila kwenye seva halisi ninapata 404 (ukurasa haupatikani). (Msomaji, Newala)

JIBU: Ndugu msomaji, umesimba vizuri. Seva ya Apache hukataa %2F katika njia kwa kawaida yake na kujibu 404 kabla ombi halijaifikia programu yako, kwa kuwa mpangilio wa AllowEncodedSlashes huwa umezimwa. Tomcat nayo hukataa, ila hujibu 400 (ombi lina kasoro). Seva ndogo ya majaribio uliyonayo kwenye kompyuta haina ukali huo. Unaweza kuuwasha mpangilio huo, lakini hatukushauri uutegemee, kwani siku programu ikihamishiwa seva nyingine tatizo litarudi, tena kukiwa na mtu mwingine ambaye hajui historia yake. Hamishia namba hiyo baada ya alama ya kuuliza, stakabadhi?namba=GH%2F17%2F204, ambako seva hizo hazina ubishi nayo. Usiigeuze mikwaju kuwa vistari kwenye kumbukumbu zenyewe, kwa sababu mkulima ataishika karatasi yenye GH/17/204 na anastahili kuiona namba hiyohiyo kwenye simu.

SWALI: Je, kusimba linki kunatosha kuzuia wavamizi? (Msomaji, Nachingwea)

JIBU: Ndugu msomaji, hakutoshi, na kusimbua ovyo kumewahi kuwafungulia mlango. Mwaka 2000 iligunduliwa kwamba seva ya IIS ya Microsoft ilikagua njia ya linki kabla ya kuisimbua kikamilifu. Ukiandika ../ (yaani panda folda moja juu) waziwazi ilikataa, lakini %c0%af, ambayo ni namna haramu ya kuuandika mkwaju kwa baiti mbili, ilipita kwenye ukaguzi na baadaye ikageuka kuwa mkwaju, na mvamizi akaweza kupanda hadi kwenye mafaili ya mfumo. Tahadhari ya Microsoft kuhusu jambo hilo ilitolewa Oktoba 2000, na hata hivyo Septemba 2001 kirusi kilichoitwa Nimda kilizikuta seva nyingi ambazo hazijatengenezwa na kikaingia kwa njia hiyo pamoja na nyingine. Mpangilio wa kazi uwe huu: simbua mara moja, kataa baiti zisizo halali katika UTF-8, ndipo ukague. Kwa mafaili, usiliache kabisa jina lililotoka kwenye linki liamue faili lipi lisomwe. Weka orodha ya mafaili yanayoruhusiwa, kila moja na namba yake, na linki ibebe namba tu.

SWALI: Kwenye tovuti ya wageni wanaokwenda Kilwa Kisiwani nimeweka faili liitwalo "Ratiba ya Boti #2.pdf". Wageni wanaambiwa halipo, na nikitazama kumbukumbu za seva ninaona ombi la "Ratiba ya Boti" bila mwisho wake. Vilevile ningependa ukurasa mmoja uwe na jina la Kilwa kwa herufi za Kiarabu katika anwani. Inawezekana? (Msomaji, Kilwa Masoko)

JIBU: Ndugu msomaji, kivinjari hakipeleki kwa seva reli na yale yanayoifuata. Huyabakiza nyuma kwa ajili ya kutafuta mahali ndani ya ukurasa, ndiyo maana seva haikuona 2.pdf. Andika linki ikiwa Ratiba%20ya%20Boti%20%232.pdf na faili litapatikana. Kama faili ni lako mwenyewe na halijasambazwa bado, lipe jina ratiba-ya-boti-2.pdf, kwa sababu jina la faili, tofauti na jina la mtu au la kijiji, halimwumizi yeyote likibadilishwa.

Herufi za Kiarabu zinawezekana. كلوة ni herufi nne zenye baiti nane, na katika linki huwa %D9%83%D9%84%D9%88%D8%A9. Vivinjari vingi vitamwonyesha mgeni herufi zenyewe kwenye mstari wa anwani, ila akiinakili linki na kuibandika kwenye ujumbe, huenda ikatokea ule mlolongo wa asilimia, nao utafungua ukurasa uleule. Kwa bango au kipeperushi kinachochapwa kwenye karatasi, tengeneza anwani ya pili iliyo fupi, yenye herufi za kawaida tu, na uiagize seva imwelekeze mgeni kwenye ile ya Kiarabu.